Windows zilizovuja na mashine zetu za mtumba: zipi zimekubali, zipi zimegoma? Tukutane hapa

#1 FundiMwanjelwa

Wakuu, habari za jioni.

Baridi ya Mbeya leo si ya kushika bisibisi. Nimefunga kibanda mapema nikaona nifungue uzi ambao nimekuwa nikiuahirisha.

Wiki hii peke yake wateja watatu wameniuliza swali lile lile: "Fundi, hii mashine itakubali Windows mpya?" Zote tatu mtumba, zote zimepanda Kitonga ndani ya buti la basi. Jibu la swali hilo mimi huwa sisubiri tangazo. Nalitafuta kwenye matoleo ya majaribio, yale yanayotolewa rasmi na yale yanayochoropoka kabla ya siku yake. Wenzangu wengi wanayafukuzia ili waone menyu mpya na picha mpya ya ukutani. Mimi nayafukuzia nione yanamkataa nani.

Chukua Juni 2021. Toleo namba 21996 lilisambaa mtandaoni tarehe 15, siku tisa kabla ya Microsoft kuitangaza rasmi Windows 11. Nilikesha na bando la usiku, ikakatika mara mbili, nikaimaliza usiku wa tatu. Jina la faili lilianza hivi: 21996.1.210529-1541.co_release. Anayejua kusoma, hicho ni cheti cha kuzaliwa. 210529 ni tarehe 29 Mei 2021. 1541 ni saa tisa na dakika 41 alasiri. Na "co" ni Cobalt, maana wamekuwa wakiyapa matawi yao majina ya elementi: baada ya Cobalt kuna Nickel, na hii 24H2, yaani Windows 11 ya nusu ya pili ya 2024, ni Germanium, ndiyo maana faili zake zimeandikwa ge_release. Aliyefaulu kemia kidato cha pili anaipanga foleni bila kuuliza.

Mashine ya majaribio ilikuwa laptopu ya i5 kizazi cha tatu, RAM gigabaiti 8, TPM 2.0 (chipu ya usalama) hakuna. Nikachomeka flashi, nikabonyeza endelea, ikanigomea: kompyuta hii haiwezi kuendesha Windows 11. Windows 10 haikuwahi kuniuliza habari za TPM. Nikafanya kile ambacho watu walikuwa wanafanya kila kona: nikachomoa faili la appraiserres.dll, lile la ukaguzi wa mashine, kwenye ISO (faili la kusakinishia) ya Windows 10, nikaliweka mahali pa lile la 21996. Ikapita. Vitufe viko katikati, kona za madirisha zimeviringwa, mlio wa kuwaka umerudi, ila ukifungua Mipangilio unakuta ni ile ile ya zamani. Draiva za Windows 10 zilikubali zote, waifai, sauti, hata kisoma alama za vidole ambacho sijawahi kukitumia maishani.

Kwa hiyo mashine iliweza. Aliyekataa alikuwa mlinzi wa geti.

Tangazo rasmi lilipokuja na masharti yake, TPM 2.0, Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, Ryzen za AMD kuanzia 2000, mimi nilishajua kuna geti na nilishajua linarukwa vipi. Tangu hapo kila toleo jipya naliuliza kitu kimoja: anayekataa hapa ni mlinzi au ni chuma chenyewe? Mlinzi unaongea naye. Chuma huongei nacho.

Tuandike: mashine yako, namba ya toleo, nini kiligoma. Linki za kushushia msiweke, mods wataufunga uzi na sitawalaumu.

#2 KahawaMbozi

Nimekaa siti ya mbele, kikombe mkononi. Endelea mkuu.

#3 Sheria_Kwanza

Fundi, mimi nauliza bila ubaya. Toleo likivuja maana yake mtu amelitoa mahali ambapo hakuruhusiwa. Sasa sisi tunaosambaziana tunajiitaje?

#4 FundiMwanjelwa

Swali halali kabisa. Halina leseni, sio letu, na ndiyo maana kwangu linakaa kwenye diski moja ya pembeni iliyoandikwa kwa maka nyekundu MAJARIBIO. Mteja sijawahi kumpigia. Na nikisikia fundi mwenzangu anauza toleo lililovuja kama "Windows mpya" kwa elfu ishirini, huyo hana tofauti na anayeuza sementi iliyoganda.

Kwa asiyetaka kuingia huko, mlango wa halali upo: programu ya Insider, ya wajaribu rasmi wa Microsoft. Mwaka 2021 toleo la kwanza rasmi, 22000.51, lilitoka Juni 28, wiki mbili tu baada ya uvujaji. Wenye subira hawakupoteza kitu. Mimi subira sina, nimeshakiri.

#5 DadaKihesa

Kamwene wakuu.

Nilipita kimya kimya ila hiyo 21996 imenifukua. Nina stesheneri hapa Kihesa, kuchapa, kutoa kopi, kuskani. Kaka yangu mdogo alikuja likizo Juni ile ile akaniambia, "Dada, nikupigie Windows ambayo Iringa nzima hakuna." Nami kwa tamaa nikakubali, Jumapili jioni.

Kweli ilikuwa nzuri. Nikaizungusha zungusha, nikampigia simu shoga yangu aje aone.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi wanafunzi wamepanga foleni hadi barazani, kila mtu na flashi yake shingoni, siku ya mwisho ya kukusanya kazi. Nabonyeza printi. Kimya. Printa ina taa ya kijani, kompyuta inasema ipo tayari, karatasi haitoki. Nikachomoa waya nikarudisha, nikazima nikawasha. Draiva ya ile printa ni ya kwenye CD iliyokuja nayo dukani, na kisakinishi chake kinaangalia namba ya Windows kwanza. Kikikuta namba kisiyoijua kinajifunga. Kaka mdogo bado amelala.

Kuna binti mmoja aliniangalia tu, hakusema kitu, akachukua flashi yake akavuka barabara kwa jirani yangu. Foleni yote ikamfuata.

Sikumlaumu aliyetengeneza Windows wala printa. Nilimwamsha mtu kwa maji.

#6 KahawaMbozi

"Nilimwamsha mtu kwa maji" 😂😂 Dada umetisha. Ilitatulika vipi?

#7 DadaKihesa

Alirudisha Windows 10 siku hiyo hiyo, ikaisha saa nane mchana. Baadaye alikuja kuniambia kwamba angebonyeza kitufe cha kulia kwenye kile kisakinishi, akachagua kukiendesha kama Windows ya zamani, pengine kingekubali. Nikamwambia ayaandike hayo kwenye daftari lake.

#8 MzeeWaTukuyu

Vijana, ugonile.

Ninyi mnahangaika na draiva, mimi nilihangaika na saa.

Mwaka 2009 nilikuwa na mgahawa wa intaneti Tukuyu mjini, mashine sita. Nilizipiga zote Windows 7 RC, yaani toleo la majaribio la karibu na mwisho, namba 7100. Hilo lilitolewa rasmi kwa wajaribu, bure, likiwa na tarehe ya kufa: Juni 1, 2010. Nami nilijua. Nisichosoma vizuri ni mstari wa chini yake, kwamba kuanzia Machi 1 mashine itaanza kujizima kila baada ya saa mbili kama kengele ya kanisa.

Tukuyu mwezi Machi ni mvua tupu, watu wanakaa ndani, ndiyo biashara yenyewe. Mteja kalipia saa nzima, anajaza fomu ya maombi, ukurasa wa nne, paap. Na kwa kuwa nilikuwa naziwasha zote sita pamoja asubuhi, zilizima zote sita pamoja. Wateja walidhani umeme umekatika, wakatazama taa, taa inawaka. Wakanitazama mimi.

Niliponea kwa kuziwasha kwa kupishana dakika kumi kumi hadi nilipopata hela ya kununua leseni. Bomu la muda ndilo jambo la kwanza kuliuliza toleo lolote la majaribio, kabla ya draiva, kabla ya TPM. Unafungua winver, kidirisha cha taarifa za Windows, unasoma tarehe, unaiandika kwa wino kwenye kasha la mashine.

Na beta ya kabla yake, ile 7000 ya Januari 2009, ilikuwa na kasoro iliyotangazwa na wenyewe: ilikuwa inaweza kukata sekunde za mwanzo za nyimbo za MP3 ikizihariri taarifa zake. Mimi nyimbo za kwaya zote nilizifunga zisiandikike kabla sijaiwasha. Hapo nilikuwa mwerevu. Huo mstari wa Machi sijui ulinipitaje.

#9 Uyole_2001

Shikamoo mzee. Hivi bomu la muda si unarudisha tu tarehe nyuma kwenye baiosi?

#10 MzeeWaTukuyu

Marahaba. Unarudisha, halafu tovuti zote za kisalama zinakukatalia kwa sababu cheti chake kwako hakijazaliwa bado. Mgahawa wa intaneti usiofungua barua pepe ni mgahawa wa nini, mjukuu wangu?

#11 MwlMakambako

Wakuu nisaidieni, hii si ya burudani.

Shule yetu imepata pesa kidogo ya maabara ya kompyuta. Kuna mtu ana desktopu 14 za mtumba, anataka 180,000 kila moja, anasema "zote zinakubali Windows 11, mwalimu, nimekupigia tayari njoo uone." Nimeziona zinawaka na ni Windows 11 kweli. Ila nikikumbuka kwamba Windows 10 msaada wake uliisha Oktoba 14, 2025, sitaki kununua kitu ambacho mwakani nitaambiwa hakifai. Nyingine kwenye kasha zimeandikwa Core 2 Duo, nyingine i3. Nianzie wapi?

#12 FundiMwanjelwa

Mwalimu, usilipe kwanza. Hili ndilo hasa nililofungulia uzi.

Mlinzi wa geti nimeshamweleza. Anayekagua TPM na RAM wakati wa kupiga Windows anazimwa kwa Shift na F10, regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows), ufunguo wa LabConfig, thamani mbili tatu za BypassTPMCheck na wenzake, kazi imeisha. Huyo muuzaji ndicho alichofanya, au alitumia Rufus, programu ya kutengenezea flashi, ikamfanyia.

Chuma ni habari nyingine. Mwanzoni mwa 2024, kwenye matoleo ya majaribio ya kile kilichokuja kuwa 24H2, watu walianza kulalamika kwamba Core 2 Duo zao haziwaki tena. Nikachukua yangu, E8400, mashine ninayoipenda sana, ina feni inayonguruma kama mashine ya kusaga. Nikachomeka flashi. Nembo ya Windows ikatokea, ikakaa kidogo, ikazima, ikawaka, nembo, ikazima. Hakuna skrini ya bluu, hakuna namba ya kosa, hakuna maneno ya kumlilia. Niliiachia ikazunguka hivyo hadi chai ikapoa.

Sababu ni amri moja ndogo ndani ya prosesa inaitwa POPCNT. Kazi yake ni kuhesabu, ndani ya namba, biti ngapi ni moja na si sifuri. Zamani programu zilihesabu kwa mzunguko mrefu, POPCNT inahesabu kwa pigo moja. Kwa Intel iliingia pamoja na kundi la SSE4.2, kwenye Core i za kwanza, mwaka 2008. Core 2 Duo bora kabisa inaishia SSE4.1. Kiini cha Windows kikishaandikwa kwa kutegemea amri hiyo, prosesa isiyo nayo inafika pale inakuta neno isilolijua, inaanguka. Hakuna regedit ya kuiongezea.

Na si mara ya kwanza. Windows 8 ilidai prosesa iwe na PAE, NX na SSE2. 8.1 ya biti 64 ikadai amri ya CMPXCHG16b, ikaacha njiani mashine zilizokuwa zinaendesha 8 bila shida. Kila baada ya miaka kadhaa kuna amri moja inayochora mstari, na mstari huo unauona kwenye toleo la majaribio miezi kadhaa kabla haujaandikwa kwenye karatasi yoyote.

Kwa hiyo nenda na flashi ya Linux, yoyote inayowaka moja kwa moja bila kusakinishwa. Fungua taminali, andika grep popcnt /proc/cpuinfo. Yakimwagika maandishi mengi, ipo. Ikirudi mstari mtupu, haipo. Dakika tatu kwa mashine.

#13 Uyole_2001

Napinga kidogo kaka. Mimi nina Core 2 Duo nyumbani na inapiga Windows 11 vizuri tu sasa hivi, 23H2.

#14 FundiMwanjelwa

Hujakosea, mdogo wangu. 23H2 haikudai POPCNT. Lakini msaada wake kwa Home na Pro ulifika mwisho Novemba 11, 2025. Na bila shaka ndiyo iliyo kwenye mashine za huyo muuzaji. Mwalimu, bonyeza Windows na R, andika winver, utaona.

#15 Sheria_Kwanza

Na hizo i3, hata zikiwa na hiyo POPCNT, si bado ni kizazi cha zamani ambacho hakikubaliki rasmi?

#16 FundiMwanjelwa

Hakikubaliki. Ni kumruka mlinzi, na mlinzi anaweza kubadilisha zamu siku yoyote. Mwalimu ajue hivyo kabla ya kutoa hela ya shule. Pia i3 za kizazi cha pili, Intel hawakuzitolea rasmi draiva ya michoro ya Windows 10, seuze 11, kwa hiyo inayotumika ni kuukuu. Ukipata nne nzuri za kizazi cha nane kwa bei ya kumi mbovu, mimi ningechukua nne. Ila najua watoto ni wengi.

Halafu utani wa pembeni: kwenye orodha rasmi kuna prosesa chache za kizazi cha saba zilizopitishwa, mojawapo i7-7820HQ. Ndiyo prosesa iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft wenyewe. Ndugu zake wengi wa tumbo moja wamebaki nje.

#17 Pareto_Njombe

Naomba niingilie na ugonjwa tofauti kabisa. Mimi ni mtu wa Longhorn.

Kwa wasioijua: ndiyo ilikuwa iwe Windows baada ya XP. Toleo 4074 waligawiwa watengenezaji wa vifaa kwenye mkutano wa WinHEC, Mei 2004. Agosti mwaka huo kazi ikavunjwa, wakaanza upya, ikatoka Vista kwa watu wote Januari 30, 2007. Kwa hiyo 4074 ni nyumba iliyojengwa ikafika lenta ikaachwa. Lebo yake inasoma 040425-1535, Aprili 25, 2004, saa tisa na nusu alasiri na dakika tano. Nimeipenda hiyo ya cheti cha kuzaliwa.

Nilijaribu kwenye laptopu yangu ya kawaida, skrini ya bluu, 0x0000007B. Haioni diski, kwa sababu diski ya SATA iko kwenye AHCI, mfumo mpya wa kuongea na diski, na Longhorn haina draiva yake. Nikabadilisha baiosi kuwa IDE, mfumo wa zamani, ikasogea, ikafia mbele. Basi nikaamua kuitafutia mashine ya rika lake. Nimepata Pentium 4 kwa mzee mmoja aliyekuwa anawekea mlango usijifunge. Bodi ya 865, kadi ya GeForce FX 5200, RAM 512, diski ya IDE yenye mlio wa panzi. Draiva za XP zinaingia nyingi.

Raha niliyoikuta: betri ya saa imekufa. Kila umeme ukikatika, na Njombe kwa mvua hizi unakatika, tarehe inarudi Januari 2003. Kwenye mashine nyingine ningenunua betri asubuhi yake. Hii nimeiacha, maana bomu la muda la Longhorn haliwezi kulipuka mwaka ambao yenyewe haijazaliwa.

Shida moja tu. ISO niliyoshusha hashi yake (alama ya kuhakikia faili) hailingani na ile inayojulikana. Nimepiga certutil mara tatu. Ni mbovu au imechezewa. Kuna mwenye nakala safi?

#18 MzeeWaTukuyu

Ukiiwasha usiache folda wazi ukaenda kula. Ile 4074 inakula RAM yenyewe polepole, ukirudi unakuta mashine imelewa.

#19 FundiMwanjelwa

Pareto, ninayo, na nilishaihakiki 2019. Ila ujue unapokea kitu cha makumbusho, usikiunganishe na intaneti. Linki sikupi. Kesho asubuhi nampa konda flashi kwenye bahasha, nitakutumia namba ya basi kwa meseji. Ukishanakili, rudisha flashi yangu. Nimeshapoteza mbili kwa watu wa Njombe.

#20 MwlMakambako

Wakuu, mrejesho.

Nimekwenda na flashi ya Linux Mint aliyonitengenezea mwanafunzi wangu mmoja wa zamani. Muuzaji aliniuliza, "Mwalimu, unanikagua?" Nikamwambia nakagua chuma.

Mashine 14: tisa zimerudisha mstari mtupu. Tano, zote i3-2100, zimemwaga maandishi skrini nzima. Winver zote 23H2, kama fundi alivyosema. Nilimwita aone mwenyewe, mashine moja ya upande huu na moja ya upande ule. Alisoma kimya, akapiga grep mwenyewe kwenye ya tatu, akaikosea herufi, akarudia.

Tumekubaliana tano za i3 kwa 150,000 kila moja. Nilijaribu kumwomba zile tisa kwa bei ya chuma chakavu ili niziwekee Linux, watoto wajifunze kuchapa tu, kasema atafikiria. Core 2 Duo na Mint zilikuwa zinawaka vizuri pale pale mbele yetu, sauti, mtandao wa waya, kila kitu.

Halafu wakati naondoka akaniuliza hiyo flashi nimeipata wapi, na kama naweza kumwachia.

#21 DadaKihesa

Umemwachia?

#22 MwlMakambako

Nimemwambia bei yake ni tisa za Core 2 Duo. Amecheka. Jumamosi narudi.

#23 Pareto_Njombe

Konda anasema wako Igawa. Nimeshawasha mashine, imeandika tarehe 1 Januari 2003, saa sita usiku na dakika mbili. Nasubiri stendi na koti mbili.